Pumzi za Chumba cha Nyuma

Bariadi, Jumatano, Februari. Mvua imekatika, leo siku ya nane. Jua limeamka na hasira na wakulima wanaopita barabarani wanatazama juu kila wakisema maneno mawili. Mimi natazama mikono yangu.

Nimeiweka yote miwili mezani nione. Inatetemeka kidogo. Wiki mbili zilizopita ilikuwa inatetemeka mpaka nikashindwa kufunga vifungo vya blauzi. Naandika nikiwa sebuleni kwa Mama Kwandu, fundi cherehani, jirani yangu wa mlango wa pili, ambako nimelala siku tisa sasa kwenye kochi ambalo ni fupi kuliko mimi.

Shajara, naogopa. Nimeshaandika hivyo mara nyingi humu, najua, lakini ya leo ni hofu nyingine, na ili nieleweke inabidi nianze mbali. Blogu hii ina wasomaji kumi na mmoja, na nadhani watatu kati yao ni mimi mwenyewe nikifungua kwa simu tofauti. Kwa hiyo hakuna wa kumwonea aibu.

Kazi yangu ni kuuza duka la pembejeo: mbegu, mabomba ya kupulizia, dawa za wadudu wa pamba. Marehemu baba alikuwa akisimulia kwamba zamani dawa ya pamba ilitoka chama cha ushirika, ikaja na bwana shamba, na bwana shamba akaja na hotuba ndefu mpaka watu wakasinzia. Siku hizi soko ni huria. Bwana shamba humwoni, hotuba huisikii, ila maduka ya dawa yapo mengi kuliko ya mikate. Bosi wangu anaishi Mwanza, na aliponipa kazi alinipa na chumba cha nyuma cha duka nikae bure, niwe muuzaji na mlinzi kwa wakati mmoja. Nilimshukuru sana. Nilikuwa nimemaliza cheti changu chuoni na kukaa mwaka mzima kwa shangazi, mbali na nyumbani, nikipukuchua mahindi.

Chumba kina dirisha moja dogo, godoro langu, maboksi ya mzigo hadi karibu na dari, na meza ya kupimia. Meza hiyo ni ya kupunguzia dawa. Mkulima wa ekari moja hataki chupa nzima, kwa hiyo tunampunguzia kwenye chupa ndogo ya maji au ya soda, kwa kipimo cha kifuniko. Maduka yote yanafanya hivyo, na yote yanafanyia nyuma.

Mwezi wa kumi na moja mzigo wa msimu ulipofika, ndipo hofu ilipoanza.

Ilinikuta alfajiri. Nilizinduka moyo unakwenda mbio kama cherehani ya Mama Kwandu siku ya kuamkia Krismasi, jasho mgongoni, kifua kimebana, na hakukuwa na kitu chochote. Sikuwa nimeota. Sikuwa nimegombana na mtu. Nilikaa kwenye godoro nikangoja mauti, hayakuja, kukapambazuka, nikafungua duka nikauza. Kesho yake ikarudi. Keshokutwa ikarudi mapema zaidi.

Mtu mwingine angesema ni malaria akameza vidonge. Mimi nina kaka anaitwa Nkwabi.

Nkwabi ni mkubwa wangu kwa miaka mitatu. Yuko nyumbani kwetu Nkoma. Misimu miwili iliyopita alianza kutokwa jasho hovyo, kutetemeka, kukimbia kutoka shambani akisema kuna watu nyuma yake. Alikuwa mtu wa mizaha, anayeweza kumchekesha hata mtoza ushuru, akawa mtu anayekaa akitazama ukuta. Kwetu hatusemi mtu wa namna hiyo anaumwa. Tunasema amechanganyikiwa, na tukilisema tunashusha sauti. Alipompiga jirani, wanaume wa ukoo walimfungia ndani, na amefungiwa mpaka leo. Mimi nilikuwa chuoni. Nilipokuja likizo nilimwona mara moja, mlangoni mwa chumba alichofungiwa wakati ule, nikakimbia. Hilo sijawahi kuliandika.

Kwa hiyo moyo wangu ulipoanza kwenda mbio, nilijua. Nilipiga hesabu za umri. Yeye alianza akiwa na ishirini na tano. Mimi nina ishirini na nne.

Nilidhani zamu yangu inakaribia.

Yoga niliikumbuka kutoka chuoni. Mwenzangu wa chumba kule Mwanza alikuwa kila kabla ya mtihani anatandika kanga sakafuni, anakaa, anavuta pumzi, anajikunja huku na huku akifuata video ya kwenye simu. Nilimcheka muhula mzima. Nilimwambia kwetu watu wanainama hivyo kuanzia asubuhi hadi jioni wakipalilia pamba, na hakuna aliyewahi kuita mazoezi. Sasa nikamtumia ujumbe, kwa aibu, anitumie zile video. Akanitumia bila kunicheka, na mimi ningekuwa yeye ningecheka.

Mwalimu wa kwenye video ni mama mmoja mwenye sauti ya taratibu. Anasema vuta pumzi kwa hesabu ya nne, shikilia, toa kwa hesabu ya sita. Anasema hofu inakaa kifuani na pumzi ndiyo mlango wake. Nilianza kwa dakika kumi kila alfajiri, dirisha wazi, na nasema ukweli: siku zile za mwanzo ilinisaidia. Moyo ulikuwa unashuka. Nilikuwa nafungua duka nikiwa mtu.

Halafu Mama Kwandu akapita dirishani.

Nilikuwa kwenye mkao wa nyoka. Unalala kifudifudi, unainua kifua kwa mikono, shingo juu. Mama Kwandu alisimama na ndoo yake ya maji kichwani akanitazama kwa muda mrefu.

"Kabula. Ni masamva wamekuja?"

Masamva ni mizimu ya mababu. Kwetu mtu akianza kujinyonganyonga sakafuni asubuhi na mapema, watu hawaulizi kama anafanya mazoezi, wanauliza ni babu yupi anamtaka. Na babu yangu mzaa baba alikuwa mcheza ngoma ya nyoka, ana jina lake mpaka Lalago. Nilimjibu Mama Kwandu kwamba mgongo unauma. Akasema pole, akaondoka, na sikumlaumu. Lakini nilichukua gunia tupu nikaliziba dirisha lile, nikalikaza kwa misumari. Sikutaka neno lifike Nkoma kwamba na yule wa pili naye ameanza.

Tangu siku hiyo nilifanya yoga mlango umefungwa na dirisha limezibwa. Na tangu siku hiyo nikazidi kuwa mbaya.

Januari wakulima walianza kupulizia, na mimi nikawa napunguza dawa kutwa. Mikono ilianza kutetemeka. Mdomo ulijaa mate, nikawa natema kama mjamzito, na wateja wa kike wakaanza kunitazama tumbo. Kope la kushoto lilicheza lenyewe. Kila kivuli kilichopita mlangoni kilinishtua. Nikiwa namhesabia mtu mbegu nilikuwa nasahau nimefika wapi, na nilipokuwa nasahau nilimwona Nkwabi anatazama ukuta.

Mwalimu wa kwenye video anasema ukizidiwa, rudi kwenye pumzi. Nikarudi. Dakika kumi zikawa ishirini, ishirini zikawa karibu saa nzima. Nilivuta pumzi ndefu mpaka chini ya kitovu, nikaishikilia kama alivyosema. Mkao nilioupenda kuliko yote ni ule wa mtoto: unapiga magoti, unajikunja, unalaza paji la uso sakafuni. Nafasi ya kujinyoosha chumba kile ilikuwa moja tu, mbele ya meza ya kupimia. Nilikuwa nalaza uso pale, namwomba Mungu aniachie akili yangu, navuta.

Sijawahi kufanya kitu kwa bidii kama nilivyofanya kile.

Siku moja mayu, yaani mama yangu, alinipigia simu kuniuliza habari za mzigo, nikamjibu, na sauti ikatetemeka. Halafu akasema maneno mawili tu, "Nakuja, ng'wanone," mwanangu, akakata. Ijumaa alishuka kwenye basi akiwa na begi, kitenge kipya, na kuku tembe wa kahawia miguu imefungwa.

Nilijua tembe ni wa nini. Kiloleli kuna mfumu, mganga anayepasua kuku na kusoma ndani yake shida ya mtu. Walimpelekea na wa Nkwabi. Mayu alisema tutaondoka Jumatatu, kwamba kuku lazima kwanza akae nami, anizoee, asije akasema habari za mtu mwingine. Nilikuwa nimechoka kuogopa peke yangu. Nilikubali. Tulimfunga tembe kwa kamba ya katani kwenye mguu wa meza ya kupimia, tukalala mimi na mayu kwenye godoro moja.

Lazima nimweleze mayu. Huyu ni mwanamke aliyewahi kumfukuza fisi zizini kwa mwiko wa ugali, halafu akarudi kuusonga ugali ule ule kwa mwiko ule ule baada ya kuuosha. Sijawahi kumwona anaogopa. Baba alipofariki alitetemeka midomo tu.

Jumapili asubuhi niliamka nikamkuta amekaa ukingoni mwa godoro. Jasho linamtoka. Anajifuta mate kwa pembe ya kitenge, anajifuta tena. Mikono yake, ile mikono, ilikuwa inacheza mapajani kama yangu.

"Kabula," alisema, "mwili wangu unaniogopesha."

Sijui kama naweza kuandika nilivyojisikia. Nilifikiri: basi ni damu. Imetoka kwake, ikaenda kwa Nkwabi, ikaja kwangu, na sasa imerudi kumchukua mwenyewe. Nilitaka kukimbia kama nilivyokimbia siku ile ya mlangoni.

Halafu mayu akanyoosha kidole.

Tembe alikuwa amekufa. Alikuwa amelala mbele ya meza, mbawa zimetanuka, kamba imekazika mguuni. Mayu alishika kichwa chake kwa mikono miwili. Alisema kile kilichomshika kaka yako kimekuja, kimemla kuku kwanza ili asiseme. Hakutaka kumgusa. Kwa mtu wa kwetu hakuna ishara mbaya kama hiyo, kuku wa kutazamia kufa kabla ya kutazamwa.

Nilimgusa mimi. Nilimwinua kwa miguu, na chini yake sakafu ilikuwa na doa, jeusi, pana kama sinia, limeingia ndani ya saruji. Miezi mitatu ya kupunguza dawa, tone hapa na tone pale. Tembe alikuwa amedonoa pale siku mbili. Nilimnusa mdomo. Ile harufu nilikuwa nimeacha kuisikia tangu Desemba, maana nilikuwa naishi ndani yake.

Na pale pale, katikati ya lile doa, ndipo ninapolaza paji la uso.

Kila mteja anayeingia dukani nina maneno ninayomwambia. Nayajua kwa kichwa, yako kwenye lebo. Vaa kitambaa puani. Osha mikono. Usihifadhi dawa hii katika chumba cha kulala. Nawaambia wazee, nawaambia akina mama, nawakazia macho mpaka waitikie. Halafu jioni nafunga duka, naingia nyuma, natandika godoro kati ya maboksi.

Sikupiga kelele. Niling'oa gunia dirishani kwa mikono, misumari ikaruka, nikamshika mayu tukatoka nje.

Zahanati tulimkuta mganga kijana mwenye tochi ndogo. Alituangalia macho, akasema mboni zetu zimekuwa ndogo kama kichwa cha pini. Akauliza swali moja ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza, hata mwalimu wangu wa kwenye simu.

"Mnalala wapi?"

Nilimweleza. Nilimweleza na yoga, nikimtazama miguu. Hakucheka. Alisema mazoezi ni mazuri, ila nilikuwa nayanywa yale yaliyomo chumbani kwa kikombe kikubwa. Alitutibu, akatuweka mpaka jioni, akakataza nisikanyage tena chumba kile. Nilipokuwa natoka alinirudisha. Alisema dawa inaweza kuleta hofu na kutetemeka, lakini nisije nikadhani kila hofu yangu ni ya dawa. Vijana wengi wanaamka na moyo unakwenda mbio na hawalali kwenye ghala. Nirudi tuzungumze.

Maneno hayo ya mwisho sikuyapenda. Nilitaka aniambie nimepona.

Mayu hakuamini hata nusu. Alikunywa dawa za zahanati, akapata nafuu, akasema nafuu ni kwa sababu kuku alikufa badala yetu. Jumatatu alipanda basi kurudi Nkoma. Atatafuta kuku mwingine, mweupe safari hii.

Mimi nilihamia kwa Mama Kwandu. Bosi nilimwambia kwa simu kwamba silali tena mle na sipunguzi tena mle ndani, akafoka, akasema wenzangu mbona wanalala. Bado sijafukuzwa. Kila asubuhi natandika kanga yangu uani, mbele ya macho ya watu, chini ya kamba ya nguo. Siku ya kwanza niliogopa macho kuliko nilivyoogopa wazimu. Mama Kwandu aliniona ninavyojibanza ukutani, akatoa shuka akalitundika kwenye kamba kunikinga na barabara, akarudi kwenye cherehani yake. Nilikaa nyuma ya shuka siku tatu. Ya nne nikamwomba alitoe. Nimechoka kupumulia mafichoni.

"Haya," alisema, "lakini wakiniuliza nawajibu nini?"

Nilimwambia awajibu mgongo. Akacheka.

Mate yamekwisha. Kope limetulia. Leo alfajiri, hewa safi, kuku wa jirani wazima wanadonoa karibu yangu, moyo ulianza tena kwenda mbio. Haukwenda kama zamani, lakini ulikwenda. Hii nayo si ya dawa. Hii ni yangu, nilikuja nayo Bariadi, labda nilikuwa nayo tangu nilipokimbia pale mlangoni. Nililaza paji la uso kwenye mchanga, nikavuta kwa hesabu ya nne. Na nikiwa chini pale, kwa mara ya kwanza katika miezi yote hii, nilimfikiria Nkwabi bila kujifikiria mimi.

Nkwabi alikuwa mpuliziaji. Tangu ana miaka kumi na saba bomba lilikuwa mgongoni mwake, anapulizia shamba letu, la mjomba, la nani, kwa sababu alikuwa na nguvu na hakuwa mvivu. Kifua wazi, maana joto. Alikuwa anarudi nyumbani shati bichi, anakula nalo.

Na tangu nianze kazi hapa, kila mwezi natuma nyumbani chupa mbili za dawa. Ndiyo zawadi yangu. Mayu anajivunia kwa majirani kwamba binti yake hasahau shamba.

Saa sita mchana nilimpigia. Tulisalimiana, nikamuuliza hali, akasema mikono imetulia. Nikamuuliza Nkwabi analala wapi. Nimekuwa dada yake miaka yote hii na sikuwa najua.

"Si kule ghalani," alisema. "Pale pamba inapokaa wakati wa mavuno. Mlango wake ndio una kufuli."

"Na zile dawa ninazotuma, mayu?"

"Humo humo. Zitakaa wapi tena? Nyumbani kuna watoto."

Nilimtaja Nkwabi jina, mara mbili. Nadhani alidhani nalia kwa huruma, akataka kunituliza. Alisema nisiwe na wasiwasi, siku hizi hasumbui, hapigi kelele. Dirisha waliliziba kwa matofali ili asitoroke, lakini yuko hai. Usiku wanamsikia kupitia ukutani.

"Tunamsikia anavyopumua," alisema. "Anavuta pumzi ndefu, ndefu sana."

Sijui kama Nkwabi atarudi kuwa yule wa mizaha. Yule mganga wa zahanati nilimfuata jioni hii, nikamweleza, akasema hawezi kuniahidi, kwamba huenda anaumwa ugonjwa wake mwenyewe na atahitaji hospitali ya akili, lakini hakuna mtu anayepona akiwa amelala mle. Ameniandikia barua ya kumpeleka hospitali. Iko hapa mezani, kati ya mikono yangu.

Basi la kwanza linaondoka saa kumi na mbili. Ninaogopa mayu, ninaogopa wanaume wa ukoo wenye ufunguo, ninaogopa Nkwabi atakavyonitazama. Mara ya mwisho nilifika mlangoni kwake nikakimbia. Kesho nitafika tena na moyo wangu huu huu unaokwenda mbio, na kabla sijamsalimia mtu yeyote nitauliza ufunguo uko wapi.